Mfadhili ametupa milioni 20 za sola: je, tutoe akiba yetu ili tujazie zilizobaki?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu kutoka Morogoro. Mimi ni mweka hazina wa taasisi ndogo isiyo ya kiserikali inayowafundisha ushonaji na kompyuta mabinti waliokatishwa masomo. Tuna jengo letu wenyewe lenye madarasa matatu, ofisi, jiko na bweni la wasichana 24, na kiwanja kina hati kwa jina la taasisi, kwa hiyo suala la pango halitusumbui. Kinachotusumbua ni umeme.

Nimekaa na stakabadhi za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, za miezi 12 na kuzijumlisha moja baada ya nyingine. Tunatumia wastani wa uniti 620 kwa mwezi, na kila uniti inatufikia kwa karibu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo zake, yaani takriban shilingi 220,000 kila mwezi. Umeme unapokatika tunawasha jenereta la petroli, ambalo hunywa kama lita 40 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 2,900 kwa lita, hiyo ni shilingi 116,000 nyingine, mbali na laki 3 tunazomlipa fundi wa jenereta kwa mwaka. Petroli ikiisha, wasichana hujisomea kwa tochi za simu. Wiki mbili zilizopita nilimkuta mmoja amelala juu ya daftari lake, simu imemzimikia mkononi kwa kuisha chaji.

Sasa amejitokeza mfadhili aliye tayari kutupatia shilingi milioni 20 kwa ajili ya umeme wa jua. Fundi aliyeletwa na mjumbe mmoja wa bodi ametuandikia makisio, ambayo nimeyaambatisha: paneli za kilowati 10, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe kama ule wa gridi) ya ukubwa huo huo na betri za lithiamu zenye uwezo wa kutunza uniti 20, jumla shilingi milioni 31. Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, anataka milioni 11 zinazopungua zitoke kwenye akiba ya taasisi, kwa hoja kwamba bili ya umeme itafutika kabisa na umeme wa ziada tutauuza. Mjumbe mwingine anapinga. Yeye anasema tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha, mgao umekwisha na sola ni kupoteza fedha, heri tuezeke upya darasa la ushonaji ambalo bati lake limeshika kutu na linavuja. Akiba yetu yote ni milioni 14, nayo ndiyo mishahara ya walimu wanne kwa miezi mitano endapo michango itakawia.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi. Mwaka 2016 tulipewa sola nyingine, paneli 8 za wati 100 na betri 4 za asidi. Mwaka wa tatu betri zilikufa. Hadi leo ziko stoo, zimevimba ubavuni na vichwa vyake vimeota unga mweupe, na paneli ziko juu ya paa bila kazi yoyote. Hakuna aliyekuwa ametenga hata senti moja ya betri mpya. Nikilikumbusha hilo kikaoni naonekana mpinga maendeleo. Tunakutana tena Jumamosi ya wiki ijayo, na mfadhili anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba ushauri wako.

Mweka Hazina, Morogoro


Dada yangu Mweka Hazina,

Nakushukuru kwa barua iliyokuja na hesabu zake. Wengi wanaoniandikia kuhusu sola huniambia idadi ya paneli wanazozitaka bila kunitajia hata mara moja wanatumia uniti ngapi, na hapo mshauri hubaki akikisia. Kwa kuwa wewe umenipa takwimu, nakujibu waziwazi: ukubalini msaada huu, mpunguze mtambo huo uwe nusu yake, na akiba ya mishahara isiguswe kununua hata paneli moja.

Tuanze na jua lenyewe. Kwa hali ya hewa ya Morogoro, kila kilowati moja ya paneli iliyofungwa vizuri huwapa wastani wa uniti 4 kwa siku, baada ya kutoa kinachopotea kwa joto, vumbi na inveta. Mtambo wa kilowati 10 utazalisha basi uniti 40 kwa siku, ilhali ninyi, mkifanya kazi siku 26 kwa mwezi, mnatumia uniti 24 hivi kwa siku, na Jumapili na wakati wa likizo hamfikii hata nusu ya hizo. Sehemu kubwa ya umeme huo itakosa mtumiaji. Mzee mwenyekiti anasema ziada itauzwa. Kwa heshima zote, msiandike hata shilingi moja ya mauzo kwenye hesabu zenu mpaka mtakapokuwa na mkataba uliosainiwa mkononi. Tena mwagizeni fundi aiweke inveta isirudishe umeme kwenye laini, kwa sababu zipo mita ambazo huhesabu umeme unaotoka kana kwamba ni umeme mlioutumia, na taasisi ikajikuta inalipia jua lake yenyewe.

Sasa chukua mtambo wa nusu yake: paneli 9 za wati 550, ambazo ni karibu kilowati 5, inveta ya kilowati 5 na betri za uniti 10. Kwa bei zile zile alizoziandika fundi wenu, pamoja na fremu, nyaya, vifaa vya kinga na ufundi, napata takriban milioni 16. Utazalisha uniti 20 kwa siku, nami nahesabu kwamba mtatumia 16 kati ya hizo kwa siku 300 za mwaka. Hizo ni uniti 4,800, sawa na shilingi milioni 1 na laki 7 za LUKU ambazo hamtazinunua. Petroli nayo itapungua kwa robo tatu, yaani kama milioni 1 na elfu 40, na matengenezo ya jenereta yatapungua kwa nusu. Jumla mtaokoa karibu milioni 2 na laki 9 kwa mwaka.

Mtambo mkubwa utaokoa zaidi, hilo sikatai. Nimeuhesabia kwa ukarimu, nikachukulia kwamba utawaondolea uniti 6,000 za LUKU na gharama zote za jenereta, nikapata milioni 3 na laki 8 kwa mwaka. Lakini tazama tofauti ya mitambo hii miwili, maana hapo ndipo kikao chenu kinapaswa kukaa kwa muda mrefu kuliko popote. Milioni 15 za ziada zinawaletea laki 9 tu na ushee kwa mwaka. Zitahitaji zaidi ya miaka 16 kurudi, na betri mlizozinunua kwa fedha hizo zitakuwa zimechoka miaka mingi kabla ya hapo. Katika hizo milioni 15, milioni 11 ndizo mishahara ya walimu wenu.

Huenda mwenyekiti akauliza kama betri za uniti 10 zitatosha usiku. Zitatosha. Taa 30 za wati 9 zikiwaka kwa saa tano hazifikishi uniti moja na nusu. Taa nne za ulinzi za wati 30 zikikesha zinakula karibu uniti moja na nusu. Friji la jiko litachukua nusu uniti mpaka asubuhi, na kifaa cha intaneti hakisumbui. Yote hayo hayafikii uniti 4. Msichana uliyemkuta amelala juu ya daftari anahitaji sehemu ndogo sana ya betri hizo, na ndiyo maana inaniuma kuona kituo kinakaa gizani huku bodi ikibishania mtambo wa milioni 31.

Mzigo wenu mkubwa uko mchana, kwenye darasa la ushonaji. Katika orodha ya vifaa uliyonitumia nimeona pasi 4 za wati 1,200 na cherehani 8 za viwandani zenye mota za klachi. Pasi zote zikiwashwa pamoja zinakula karibu kilowati 5, mtambo mzima. Siku ambayo laini ipo hakuna tatizo, kwa sababu inveta ya aina hii huchukua kinachopungua kutoka kwenye gridi. Laini ikikatika, mwalimu itambidi aruhusu pasi mbili kwa wakati mmoja, na kazi ya kupiga pasi ipangwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, jua likiwa na nguvu. Kuhusu cherehani, simama karibu na mojawapo wakati mwanafunzi anapanga kitambaa chake kabla ya kushona. Utasikia mota inanguruma ingawa sindano haitembei. Mota ya klachi huzunguka muda wote ikiwa imewashwa, ilhali mota ya servo huzunguka pale tu mguu unapokanyaga pedeli. Kubadilisha mota kunaweza kupunguza umeme wa cherehani kwa nusu au zaidi. Anzeni na mbili mwone tofauti kwenye mita. Uniti ambayo haikutumika haihitaji paneli wala betri. Pampu ya kisima nayo iwashwe saa sita mchana na kujaza tanki la juu, maana maji yaliyokwisha kupanda ni jua lililotunzwa bila betri.

Mjumbe anayepinga asidharauliwe, kwani kwa upande mmoja anasema kweli. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha Februari 2024, lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na limeondoa sehemu kubwa ya upungufu wa uzalishaji uliotuletea mgao. Hata hivyo umeme hukatika kwa sababu nyingine ambazo bwawa haliwezi kuzitibu: nguzo huanguka, transfoma huungua, tawi la mti huangukia waya wakati wa masika. Ushahidi uko kwenye stakabadhi zako za petroli. Jenereta dogo hutoa kama uniti mbili kwa lita, kwa hiyo lita 40 zinawapa uniti 80 tu, na kila moja inawagharimu zaidi ya shilingi 1,400, mara nne ya bei ya LUKU. Mkijitahidi kulinganisha sola na LUKU peke yake, faida itaonekana ndogo. Gharama inayoihalalisha sola kwenu ni ya zile saa ambazo laini haipo. Stakabadhi za petroli zikianza kupungua zenyewe mwaka huu, nitakuwa wa kwanza kukubali kwamba mjumbe ana hoja, na mtambo mdogo utakuwa umewaepusha na hasara kubwa.

Yupo pia anayeweza kuwashauri mfunge sola isiyo na betri kwa kuwa ni rahisi zaidi. Ni rahisi kweli, lakini inveta ya aina hiyo hujizima laini inapokatika ili isije ikapeleka umeme kwa fundi aliye juu ya nguzo akitengeneza. Mtakaa gizani saa saba mchana, jua likiwaka juu ya paneli zenu. Kwa jengo lenye bweni sioni kama hilo linafaa.

Nakuja kwenye betri zenu za mwaka 2016, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu wewe ndiye uliye sahihi kuliko wote waliozungumza kikaoni. Nimewahi kuwa mjumbe wa bodi ya zahanati iliyopewa sola nzuri sana. Siku ya uzinduzi tulipiga picha na wafadhili, utepe ukakatwa, na katika bajeti ya mwaka uliofuata hapakuwa na mstari hata mmoja unaotaja betri. Mwaka wa nne muuguzi alirudi kuzalisha kwa taa ya chemli. Mfadhili alikwishamaliza mradi wake, nasi wajumbe wa bodi ndio tuliokuwa na wajibu tusioutimiza. Sijalisahau hilo.

Betri za lithiamu mnazoandikiwa sasa ni imara kuliko zile za asidi, ambazo huharibika mapema zikitumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake kila siku. Zikiwekwa kwenye chumba chenye hewa, mbali na jiko na mbali na bati lenye joto, zihesabieni miaka 10 hivi, na inveta vivyo hivyo. Paneli hudumu miaka 25 zikipungua nguvu kidogo kidogo. Kwa bei za makisio yenu, betri za uniti 10 ni milioni 5 na nusu na inveta ni milioni 2 na nusu. Gawanya kwa miaka 10 upate shilingi 800,000 kwa mwaka, yaani karibu 67,000 kwa mwezi. Fedha hizo zitolewe kwenye kile mlichookoa, kila mwezi, kama mshahara wa mfanyakazi, na ziingie kwenye akaunti yake yenyewe ambayo haiwezi kufunguliwa kwa ajili ya semina wala posho. Kwa kuwa betri huagizwa nje na shilingi hupungua thamani, ni vema zikae mahali zinapoongezeka, iwe ni akaunti ya muda maalumu au mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Ukitoa akiba hiyo, faida halisi ya mtambo inashuka hadi milioni 2 na laki 1 kwa mwaka, na milioni 16 zitarudi baada ya miaka saba na nusu. Hiyo ndiyo namba ya kuipeleka kikaoni, ingawa haipendezi kama ile ya bili kufutika.

Mfadhili ametoa milioni 20 na mtambo ni milioni 16. Mwandikieni kabla hamjasaini chochote, mkiomba milioni 4 zinazobaki ziwe mwanzo wa mfuko wa betri. Mwelezeni kisa cha mwaka 2016 bila kukificha, pamoja na picha ya betri zilizovimba. Wafadhili wengi hawapendi fedha zao zikae benki; akikataa, mwombeni milioni hizo zilipie mkataba wa matengenezo wa miaka mitano pamoja na mafunzo ya sola VETA kwa mwalimu wenu mmoja au mlinzi wa jengo, ili awepo mtu wa kituo anayejua kusoma inveta na kuosha paneli. Wale wanaojali kazi yao idumu watawasikiliza.

Hoja ya bati nayo inaingia hapa hapa. Paneli 9 zina uzito wa kilo 250 hivi na zitakaa juu ya paa kwa miaka 25. Mkizifunga juu ya bati lenye kutu, baada ya miaka michache mtamlipa fundi kuzishusha, mtaezeka, kisha mtamlipa tena kuzipandisha. Mwiteni fundi seremala apande kwenye dari aangalie kenchi kama zina mchwa, na upande utakaobeba paneli uezekwe kwanza. Kama akiba ni lazima iguswe, iguswe kwa upande huo wa paa peke yake, kwa uamuzi wa maandishi wa bodi nzima. Paneli zielekee kaskazini, zikiwa na mwinamo wa nyuzi 10 au zaidi kidogo ili mvua izioshe, na zisifikiwe na kivuli cha mti wowote kuanzia asubuhi. Msisahau zile 8 za zamani. Fundi azipime kwa mita. Paneli haifi kwa sababu betri yake imekufa, na huenda zikatosha kuendesha taa za ulinzi.

Kuhusu fundi mwenyewe, kuletwa kwake na mjumbe wa bodi si kosa, lakini taasisi inayotumia fedha za wafadhili inapaswa kuwa na makisio matatu yaliyoandikwa kwa vipimo vilevile. Kila mmoja aonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, aandike jina na namba ya modeli ya kila kifaa, muda wa dhamana na nani atailipa, na aeleze kinga ya radi. Anayekupa bei moja ya jumla bila mchanganuo, mshukuru na umwache aende. Jenereta msiliuze, masika yana siku tatu nne mfululizo ambazo jua halionekani, na Milima ya Uluguru mnaijua jinsi inavyoshika mawingu.

Kuanzia leo hadi Jumamosi ya kikao, nakuomba ufanye kazi moja. Kila siku saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, soma salio la uniti kwenye mita na uliandike kwenye daftari, na ukiongeza tokeni iandike pia. Tofauti za mchana na za usiku zitakuonyesha kama makadirio yangu ya uniti 4 za usiku ni sahihi. Zikizidi 7 niandikie tena kabla ya kikao, tutazame upya ukubwa wa betri.